Filamu iliyokunyima usingizi, na bado unataka kuirudia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nimekulia kwenye vibanda umiza, muvi za kivita na za Kichina zenye sauti ya DJ, na za kutisha nimeangalia nyingi bila shida. Mwezi uliopita mteja aliniachia flashi yenye filamu inaitwa Under the Skin. Nikaiangalia usiku kwenye simu, vipokea sauti masikioni, mama watoto na mtoto wetu wa miezi saba wamelala. Hakuna mapigano, hakuna kitu kinachoruka ghafla kukushtua, maneno yenyewe machache. Lakini ile sehemu ya mtoto ufukweni imenikaa kichwani, nikifumba macho naiona. Cha ajabu, nataka kuiangalia tena. Mke wangu anasema nimeingiza mapepo ndani, niifute. Je, nina tatizo? Na nitajuaje kama filamu za namna hii zina maana au ni upuuzi tu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Huna tatizo. Sehemu ile ilitengenezwa ikufanye hivyohivyo, na nitakuonyesha ilivyofanyika. Kazi yangu ni kuhariri picha, hapa Iringa, na kuwafundisha vijana kazi hiyo. Kwa hiyo najibu nikiwa mezani pa mhariri. Udaktari na uchungaji nawaachia wenyewe.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona: ni filamu ya mwaka 2013 ya mwongozaji Mwingereza Jonathan Glazer. Scarlett Johansson anacheza kiumbe kilichotoka kusikojulikana, kimevaa umbo la mwanamke, kinaendesha gari dogo la mizigo katika mitaa ya Glasgow, Uskoti, kikitafuta wanaume wapweke. Wengi wa wanaume wale hawakuwa waigizaji. Kamera zilifichwa garini, Johansson akawa anawasimamisha wapita njia na kuwauliza maelekezo, ridhaa ikaombwa baadaye. Wanaokubali kufuatana naye nyumbani wanaishia kwenye chumba cheusi, wanazama taratibu ndani ya kitu kama maji meusi.

Pale ufukweni mwanamke anaingia baharini kumwokoa mbwa wake. Mumewe anamfuata. Mwogeleaji ambaye kiumbe kilikuwa kikizungumza naye anajitosa, anamtoa yule mume, na mume anarudi tena majini. Kiumbe kinasubiri mwogeleaji aishiwe nguvu, kinampiga jiwe, kinamburuta. Nyuma kuna mtoto, mdogo wa kiasi cha kwamba kusimama tu bado ni kazi, amekaa kwenye kokoto analia. Anaachwa. Usiku mwendesha pikipiki anakuja kuondoa vitu vya marehemu, anafanya kazi yake karibu na mtoto, anaondoka. Mtoto bado analia.

Sasa fikiri kama vipande vile vingeletwa mezani kwangu, nikaambiwa niviunganishe kwa desturi tuliyozoea sote. Ningeweka uso wa mtoto kwa karibu. Kisha uso wa yule mwanamke, macho yakianza kulegea. Fidla ingeingia chini kabisa. Halafu ningerudi kwa mtoto, na kwa mbali ungeona mtu anakuja mbio. Usingelala vibaya hata kidogo. Ungelia kidogo, ukajisikia mtu mwema, ukalala.

Katika kila darasa la uhariri hukosi kusikia kisa cha Mrusi Lev Kuleshov, aliyeuchukua uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso usioonyesha chochote, akauunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Watazamaji, kisa kinaendelea, walisifu jinsi mwigizaji alivyoigiza njaa, msiba na tamaa. Uso ulikuwa uleule mmoja. Tangu hapo wahariri tumeishi kwa hilo: mtazamaji akipewa picha mbili zinazofuatana, anaweka mwenyewe hisia katikati. Glazer anakupa uso wa kiumbe, anakupa mtoto, lakini katikati pale hakuna pa kuweka kitu. Uso unaukataa mchango wako. Kamera inabaki mbali, bahari inapiga kelele, na hakuna hata sekunde moja filamu inayokwambia, “Nami pia naumia.” Huruma yako ilitoka, ikakosa pa kwenda, ikarudi nyumbani kwako. Na nyumbani kwako kuna mtoto wa miezi saba. Umelitaja hilo kwa kupita tu, kana kwamba ni maelezo ya saa uliyoangalia, lakini mimi naona ndilo jibu la nusu ya swali lako. Ungeiangalia filamu hiihii kabla hujawa baba, huenda ungekumbuka zaidi chumba cheusi.

Nusu nyingine ya jibu iko kwenye kibanda umiza. Usidhani nakidharau, ndiko wengi wetu tulikoipendea sinema. Lakini kumbuka kazi ya yule DJ. Lufufu na waliomfuata hawakutafsiri maneno peke yake. Walikwambia huyu ndiye steringi, yule ndiye adui, huyu mzee msimwamini, na palipokuwa kimya walijaza utani. Hukuwahi kuachwa peke yako na picha. Tena pembeni kulikuwa na watu arobaini wanaopiga makelele, na mmoja lazima aseme “Geuka nyuma we mjinga!” kabla hata adui hajatokea. Hofu ya pale ni hofu ya kugawana. Under the Skin inataka kinyume chake: haikwambii nani steringi, haielezi kiumbe kimetoka wapi wala nyama za wanaume wale zinakwenda wapi, na mara moja moja tu ndipo mtu anaongea. Ukaiangalia usiku wa manane, peke yako, vipokea sauti masikioni. Ukimpa DJ filamu hii aitafsiri, ataiua ndani ya dakika kumi, si kwa ubaya wake, ila kwa sababu kazi yake ni kuziba mapengo, na filamu hii imejengwa kwa mapengo.

Ndiyo maana muvi za kutisha ulizozizoea hazikukusumbua. Kushtuliwa ni jambo la mwili. Sauti inashushwa, unainama kusikiliza, halafu kishindo; moyo unaruka, baada ya dakika chache umetulia na unacheka. Hata filamu zetu za mizimu na majini, kuanzia Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi mwanzoni mwa miaka ya 2000 (Nsyuka ni jina ambalo watu wa Rungwe hawakuhitaji kuelezwa), zinakaa ndani ya ulimwengu ambao tayari tunazijua kanuni zake. Mzimu una kisa. Kuna aliyedhulumu, kuna anayedai, na kwa kawaida anatafutwa mganga au mchungaji wa kukabiliana nao. Unaogopa, lakini unajua umesimama wapi. Kiumbe cha Glasgow hakina deni na mtu. Hakiwachukii wale wanaume. Hilo ndilo linalosumbua: kuchukiwa tunakuelewa, kutohesabika kabisa hatukuelewi.

Ufundi huu wa kumnyima mtazamaji hakuuanzisha Glazer. Mwaka 1960 mwongozaji Alfred Hitchcock katika filamu ya Psycho alimuua steringi kabla filamu haijafika nusu, bafuni, na watu wakabaki ukumbini hawajui wamfuate nani tena. Watu wengi huapa kwamba waliona kisu kikiingia mwilini. Ukiipitisha polepole, kipande kwa kipande, unakuta karibu hakuna unachokiona kikichomwa. Kuna kisu, kuna ngozi, kuna mkono, kuna fidla za mtunzi wa muziki Bernard Herrmann zinazolia kama zinakwaruzwa, na damu yenyewe ni shira ya chokoleti, maana filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Kuchoma umechoma wewe. Huwa nawaambia wanafunzi wangu waanze na dakika tatu zile kabla hawajagusa kompyuta.

Tena kuna jambo la hapa kwetu ambalo hukuliuliza, ila nadhani limo. Katika filamu ile kuna mahali mwanaume mmoja ndani ya yale maji meusi anafyonzwa, inabaki ngozi tupu inaelea. Mtazamaji wa London anaona fumbo, anaandika makala juu ya mwili na upweke. Mtu aliyekuwa mtoto Mbeya au Mbozi kwenye mwaka 2000 hivi anakumbuka habari za watu kuuawa na kuchunwa ngozi, na wazazi waliokuwa wanaita watoto ndani jua halijazama. Kwake ile si fumbo. Glazer hakujua kwamba kuna sisi, na hawezi kulaumiwa wala kusifiwa kwa hilo, lakini filamu ikishafika kwenye kioo chako haina mmiliki mmoja. Kama umri wako unaruhusu kumbukumbu hiyo, jiulize kama mtoto wa ufukweni hakupita katika mlango ambao ngozi ile ilikuwa imeshaufungua.

Mambo huenda kinyume pia. Touki Bouki, filamu ya mwaka 1973 ya Msenegali Djibril Diop Mambéty, inaanza na ng'ombe wanaopelekwa machinjioni, na machinjo yenyewe ni ya kweli. Wahakiki wa Ulaya huandika juu ya ukatili wa picha zile. Nikiionyesha hapa Iringa, vijana waliokulia Kilolo na Mufindi wanajadili jinsi mchinjaji alivyoshika kisu. Kinachowasumbua ni kitu kingine kabisa: hadithi inakatika katikati, kijana anapanda pikipiki yenye fuvu la ng'ombe mbele, anaota Paris, na hawajui tena kama wanachokiona kimetokea au kimewazwa tu. Wanabanana kwa maswali hadi jioni. Nakueleza hili ili usije ukaamini kwamba kuna orodha ya dunia nzima ya filamu zinazosumbua, na wewe umefaulu au umefeli mtihani wake.

Upande wa sauti utanielewa haraka kuliko wasomaji wengine, maana spika za simu unazifungua kila siku. Kile kispika kidogo hakiwezi kutoa sauti nzito za chini. Ungeiangalia filamu ile bila vipokea sauti masikioni, ungepoteza sehemu kubwa ya muziki wa Mica Levi, zile nyuzi zinazojikokota nyuma ya mdundo mzito. Eraserhead ya David Lynch, ya mwaka 1977, ina mvumo wa mashine unaoendelea chini ya karibu kila tukio. Kwenye spika ya simu unabaki na mtu mwenye nywele za ajabu na mtoto wa ajabu zaidi, unajiuliza watu wanaogopa nini. Ndani ya ukumbi wenye spika nzuri, mvumo ule unakaa kifuani. Gaspar Noé naye, mwaka 2002, katika Irréversible aliweka mwanzoni mlio wa chini sana, karibu na mpaka wa kusikika, makusudi watu wajisikie vibaya bila kujua sababu. Filamu hiyo sikushauri. Ina tendo la ubakaji lililopigwa bila kukatwa kwa muda mrefu mno, na ingawa najua hoja za wanaoitetea, mimi haijanishawishi.

Na hapa ndipo swali lako la mwisho lilipo. Maana au upuuzi?

Kipimo ninachotumia mezani ni cha kikazi tu. Nalitoa lile tendo linalosumbua, kwa mawazo, halafu naangalia kilichobaki. Mtoe mtoto ufukweni katika Under the Skin na filamu inaanguka, kwa sababu baadaye kiumbe kinaanza kubadilika, kinamwachilia mwanaume mmoja mwenye uso wenye uvimbe, kinajaribu kula keki, kinajaribu kuwa mtu; na ukubwa wa safari hiyo unaujua tu kwa vile ulimwona mtoto yule akiachwa. Filamu inakulipa, ingawa si kwa haraka. Lakini kuna muvi ambazo ukitoa utumbo uliomwagika, hadithi inabaki ileile, haijapungua chochote. Hizo zina mapambo ya damu. Hazina dhambi, ila usizipe heshima ya kukunyima usingizi.

Katikati kuna zile zinazokugombeza. Michael Haneke alitengeneza Funny Games mwaka 1997: vijana wawili wenye adabu na glavu nyeupe wanaiteka familia, mambo mengi ya kikatili yanatendeka nje ya picha, na mmoja wao anageuka kuikonyezea kamera. Mateka mmoja anapofanikiwa kujibu mapigo, na wewe unashangilia, kijana anachukua rimoti na kuirudisha filamu nyuma, shangwe yako inafutwa. Haneke akairudia yeye mwenyewe mwaka 2007 kwa Kiingereza, karibu picha kwa picha. Ni kazi ya bwana wa kazi. Mimi siipendi. Anamwalika mgeni, anamkaribisha chakula, halafu anamsema kwa nini amekula. Wenzangu ninaowaheshimu wanaiona tofauti, na tukianza kubishana juu yake chai inapoa.

Ukitaka kuona Glazer alipofikia baadaye, kuna The Zone of Interest ya mwaka 2023. Familia ya kamanda wa kambi ya Auschwitz inaishi maisha mazuri, bustani, bwawa la watoto, na ukuta ndio umewatenga na kambi. Mauaji huoneshwi. Unayasikia siku nzima huku watu wakinywa chai. Filamu hiyo ilipata Oscar ya sauti mwaka 2024, na kwa maoni yangu ni haki. Isubiri kidogo, lakini.

Kuhusu mke wako. Usibishane naye juu ya mapepo, na usimwambie hajui sanaa. Anachokiona ni mume aliyeamka usiku, uso umebadilika, hasemi kitu, kwa ajili ya kitu kilichokuwa kwenye simu. Hata mimi ningetafuta jina la kukiita. Mweleze kilichokusumbua: mtoto aliachwa ufukweni na hakuna aliyemchukua, na ukamfikiria wa kwenu. Nadhani hujamwambia. Ukishamwambia, mazungumzo yatabadilika, na kama bado hataki faili lile nyumbani, liache kwenye flashi dukani. Nyumba ni ya wote wawili.

Kutaka kuirudia ni dalili nzuri kwa maoni yangu. Akili inarudi pale ilipoachwa na kazi haijaisha. Irudie mchana. Weka kwenye kioo kikubwa kidogo, ama utafute nakala isiyobanwa sana, kwa sababu mafaili madogo yanavuruga giza: lile jeusi la chumba linakuwa vibandiko vya kijivu, na nusu ya kazi ya mpiga picha imepotea. Ukifika ufukweni, hesabu ni mara ngapi kamera inamkaribia mtoto, na kila inapokatwa jiulize ni nani anayetazama. Ukishajua jinsi kitu kilivyotengenezwa, kinaacha kukutawala ingawa hakiachi kukugusa. Lakini kama wiki zinapita na bado hulali, au kama picha zinazokuja si za filamu tena ila ni za jambo lililowahi kukupata wewe mwenyewe, hapo funga simu na uende hospitali ya rufaa ukaonane na watu wa afya ya akili. Ni huduma kama nyingine, na hakuna haja ya kuona aibu.

Hukuuliza uangalie nini baadaye, lakini fundi hamwachi fundi mwenzake hivihivi. Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017, itakuingia kirahisi, ina mwanzo na mwisho unaoeleweka, na ina zawadi yako ndani: majina yanapopita mwanzoni juu ya picha za miti, kuna wimbo wa Michael Abels unaoimbwa kwa Kiswahili, Sikiliza Kwa Wahenga, unaomwonya kijana akimbie. Wamarekani wengi walisikia sauti za kutia hofu tu. Tega sikio, maana kwaya haitamki kama sisi, na utaingia kwenye hadithi ukiwa umeshaonywa kabla ya steringi mwenyewe.

Kisha Atlantique ya Mati Diop, mpwa wa Mambéty, iliyopata tuzo kuu ya pili Cannes mwaka 2019. Vijana wa ujenzi Dakar wananyimwa mishahara, wanapanda mtumbwi kwenda Uhispania, wanafia baharini. Usiku wanarudi ndani ya miili ya wasichana waliowaacha, macho meupe, wanamfuata tajiri nyumbani kwake kudai fedha zao. Ni ya Kiwolofu, iko Netflix, maandishi ya tafsiri utayahitaji. Hiyo iangalie na mama watoto, mapema jioni, umsomee kwa sauti yale maandishi palipo na maneno, na palipo kimya unyamaze. Nadhani wale marehemu wanaodai mshahara atawaelewa haraka kuliko wewe.